Picha hufia mezani pa skana, si mtamboni

Msiba unapotokea, kabla hata kamati ya mazishi haijakaa, kuna mtu hutumwa chumbani kutafuta picha. Mara nyingi inayopatikana nzuri ni moja tu: mzee amesimama studio miaka ya 1970, kanzu nyeupe, kofia ya viua, nyuma yake pazia lililochorwa minazi na bahari, anaitazama kamera bila kupepesa. Fremu inashushwa ukutani. Kijana anaipiga kwa simu, kioo kikiwa bado juu yake, anaituma kwa mjomba kwa WhatsApp, na mjomba anaituma gazetini. Kesho yake tangazo linatoka. Kanzu inaonekana. Kofia inaonekana. Uso haupo. Pale ulipokuwa pana doa jeusi lenye vitone viwili vya weupe wa macho.

Familia imelipia nafasi hiyo, na haina njia ya kurudia. Gazeti lile litakunjwa na kuhifadhiwa kabatini pamoja na cheti cha kifo, na wajukuu watakaolifungua baadaye watakutana na doa.

Ikifika hapo lawama huanza kutembea. Watu wa gazeti hulaumu karatasi. Mwenye picha hulaumu mtambo. Wenye mtambo husema walichapa walicholetewa, na kwa kawaida wao ndio wanaosema kweli. Mtambo wa ofseti ulioharibika hujulikana kwenye ukurasa mzima: maandishi hufifia, rangi hupishana, mistari hujikokota. Ikiwa maandishi yametoka safi na picha moja tu imekufa, basi picha hiyo ilifika kiwandani ikiwa tayari maiti. Iliuawa pale ilipoingizwa kwenye kompyuta, na mtu aliyeambiwa tu, "Iskani hiyo haraka."

Kazi hiyo, ya kuiandaa picha ya zamani kwa ajili ya uchapaji, ndiyo inayodharauliwa kuliko zote katika magazeti, nyumba za vitabu na vichochoro vya uchapaji vya Afrika Mashariki. Haina mwenyewe. Hupewa aliye karibu na mashine. Na hiyo ndiyo sababu kubwa ya nyuso kupotea.

Mtambo haujui kijivu. Kwake yapo mambo mawili tu: hapa pana wino, hapa hapana. Kijivu cha shavu, ukungu wa asubuhi bandarini, kivuli chini ya ukingo wa kofia, vyote hujengwa kwa nukta ndogo ndogo, nene penye giza na nyembamba penye mwanga, na jicho la msomaji ndilo linalozichanganya. Ujanja huu una umri. Machi 4, 1880, gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa kwa njia hiyo picha ya vibanda vya maskini wa mji huo, na hadi leo kanuni ni ile ile. Kilichobadilika ni ulaini wa nukta. Gazeti hupangwa kwa mistari 85 hadi 100 ya nukta katika kila inchi, kwa sababu karatasi yake ni hafifu na hunyonya wino. Jarida la karatasi ya kung'aa huchukua 150, na kitabu cha sanaa 175 au zaidi.

Hapo ndipo ilipotoka namba 300 ambayo kila msanifu kurasa huitaja kama dua. Picha ya jarida inahitaji pikseli mara mbili ya mistari ya nukta: mistari 150, pikseli 300 kwa inchi. Gazeti linaridhika na 200, hata pungufu kidogo. Lakini namba hiyo huhesabiwa kwa ukubwa ambao picha itachapwa, si kwa ukubwa wa picha iliyoko mkononi, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Picha ya studio ya sentimita 9 kwa 13 ikiskaniwa kwa pikseli 300 kwa inchi, upande wake mrefu hupata pikseli kama 1,535. Zinatosha kuichapa jaridani kwa ukubwa wake wenyewe. Ikitakiwa ijaze sentimita 26, ilipaswa kuskaniwa kwa 600. Negativu ya milimita 24 kwa 36 ikitakiwa ijaze ukurasa wa A4, inakuzwa zaidi ya mara nane, kwa hiyo haistahili kuguswa kwa chini ya 2,400. Kuongeza namba baadaye ndani ya kompyuta hakusaidii. Programu itajaza nafasi kwa kukisia, na hakuna programu iliyowahi kumwona marehemu.

WhatsApp ina hesabu yake. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na kwa kawaida upande mrefu hubaki na pikseli kama 1,600, yaani sentimita 13 na nusu za uchapaji wa jarida. Kwa gazeti, hilo lingeweza kuvumilika kama picha yenyewe ingekuwa nzima, lakini kubanwa kwenyewe huchubua ngozi ya picha na kuacha vijiboksi kwenye mashavu. Faili ile ile ikitumwa kama hati, si kama picha, hufika ilivyo. Ni tofauti ya kugusa kitufe kimoja badala ya kingine, na matangazo mengi ya vifo yangeokolewa na kitufe hicho peke yake.

Lakini ukubwa ni sehemu nyepesi ya habari hii. Sehemu nzito ni rangi ya ngozi.

Nukta ikishagusa karatasi ya gazeti haibaki na ukubwa wake. Wino husambaa kama tone la kahawa kwenye kitambaa. Viwango vya kimataifa vya uchapaji wa magazeti vimeliweka jambo hili katika hesabu: nukta zinazofunika asilimia 50 ya eneo kwenye faili huonekana kama asilimia 76 zikishachapwa. Kwenye karatasi ya kung'aa hizo hizo huishia karibu na 65. Sasa uchukuliwe uso wa mtu mweusi katika picha ya nyeusi na nyeupe. Mara nyingi hukaa kati ya asilimia 60 na 80 za weusi. Shavu likiwa 65 na kivuli cha pua 80, gazetini vyote viwili husukumwa hadi 90 na zaidi, na tofauti ya 15 iliyokuwa ikichora umbo la uso hubaki kama nusu yake. Uso wa mtu mweupe, unaokaa 20 hadi 40, nao huongezewa giza, lakini upande huo wa ngazi, tofauti hupanuka badala ya kusinyaa. Mtambo ni ule ule, wino ule ule, karatasi ile ile: mmoja anaongezewa sura, mwingine anafutwa.

Skana nayo, ikiachwa ifanye itakalo, huongeza dhuluma. Mfumo wake wa kujirekebisha hutafuta sehemu nyeupe kuliko zote na nyeusi kuliko zote, kisha hunyoosha kila kitu katikati. Katika picha ya mzee aliyevaa kanzu, mashine huikuta kanzu, huishika, huipamba, na huuacha uso uzame. Haikuwa na nia mbaya. Haikuambiwa tu kwamba katika picha hii mtu ndiye muhimu, si nguo.

Tatizo hili lina ukoo wa zamani. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley, mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa kwenye mojawapo ya zile za mwanzo. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha usahihi. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alieleza katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009 kwamba msukumo wa kuiboresha filamu ionyeshe vizuri rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao hawakuridhika na jinsi bidhaa zao zilivyotokea kwenye matangazo. Mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard, alipokuwa akifanya kazi Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa filamu ya Kodak kwa sababu hiyo hiyo ya ngozi. Picha nyingi zilizoning'inia kwenye kuta za nyumba za Tanga, Mombasa na Kisumu zilipigwa na kusafishwa katika zama hizo. Zilizaliwa zikiwa zimeshapungukiwa. Kuzipitisha tena kwenye mashine isiyoangaliwa na mtu ni kuwapunguza wenyewe mara ya pili.

Dawa ipo, na si ghali. Mfumo wa kujirekebisha uzimwe. Picha iskaniwe kwa biti 16 kwa kila rangi, maana biti 8 hutoa ngazi 256 tu kati ya mwanga na giza, na 16 hutoa zaidi ya 65,000. Atakayeunyanyua uso kutoka gizani anahitaji ngazi hizo nyingi, la sivyo shavu litakatika vipande vipande kama udongo wa ukame. Kisha kipimo cha programu kiwekwe kwenye paji la uso, shavuni na chini ya kidevu, namba zisomwe, na sehemu za kati zifunguliwe mpaka uso wa picha ya gazeti ukae baina ya 35 na 55. Ukichapwa utashuka wenyewe hadi 60 na 80, mahali pake. Kanzu ibakiziwe asilimia tatu au tano za wino, ili mikunjo yake isigeuke karatasi tupu.

Kwenye skrini uso huo utaonekana mweupe kupita kiasi, na hapo msanifu mgeni hushtuka na kuurudisha alikoutoa. Wengine hukataa kwa sababu njema zaidi: wanaogopa kumchubua marehemu. Hofu hiyo inastahili heshima katika jamii iliyouziwa mkorogo kwa miaka mingi. Lakini hapa mambo ni kinyume. Anayefungua uso kwenye faili anamrudishia mtu rangi yake kamili, kwa sababu anajua mtambo utaongeza giza ambalo mwenyewe hakuwa nalo. Anayeuacha ndiye anayembadilisha rangi.

Picha za rangi za miaka ya 1970 zina ugonjwa mwingine. Zimegeuka nyekundu. Katika karatasi za picha za wakati ule, rangi ya siani ndiyo iliyokuwa ikifa haraka hata albamu ikifungwa gizani, na ilipokufa ikaacha majenta na njano zitawale. Ndiyo maana harusi nzima, bwana na bibi harusi na wapambe, huonekana kama wamekaa mbele ya moto. Hili hutengenezeka, kwa sharti lile lile: nakala halisi, biti 16, na mtu anayerekebisha kila rangi peke yake badala ya kupunguza wekundu wote kwa mpigo.

Kisha zipo nakala za nakala. Kila Aprili 26 picha ya Mwalimu Julius Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar hurudi magazetini, kwenye mabango na kwenye vitabu vya darasani. Ni picha ya mwaka 1964, na pengine hakuna picha ya Kitanzania iliyochapwa mara nyingi kuishinda. Zimo nakala zake nzuri. Zimo pia ambazo, zikitazamwa kwa kioo cha kukuzia, huonyesha mawimbi ya kijivu yanayopita juu ya nguo na nyuso, kama maji yaliyorushiwa kokoto. Mawimbi hayo hayakuwemo siku ile. Ni alama ya picha iliyoskaniwa kutoka kwenye kitabu au gazeti: nukta za uchapaji wa kwanza zimekutana na nukta za uchapaji wa pili, zikagongana. Kwenye picha za rangi wachapaji huziepusha nukta zisigongane kwa kuipa kila rangi pembe yake, siani digrii 15, majenta 75, njano 0, nyeusi 45. Aliyeskani ukurasa uliokwisha chapwa ameingiza pembe za mtu mwingine bila kujua.

Fundi anaweza kupunguza madhara. Ataskani kwa kiwango kikubwa bila kuongeza ukali, atailainisha picha kidogo mpaka nukta ziyeyuke, ataipunguza ifikie ukubwa unaotakiwa, na mwisho kabisa ndipo atarudisha ukali. Utaratibu huu wa mwisho unahusu kila picha: ukali ulioongezwa kabla ya kubadilisha ukubwa huacha ukingo mweupe kuzunguka kichwa, na mtu huonekana kama amekatwa kwa mkasi. Hata hivyo kulainisha ni kufuta. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na nyuzi za vazi zilizopotea katika uchapaji wa kwanza hazirudi kwa juhudi za wa pili. Njia ya kweli ni kurudi kwenye negativu, au kwenye nakala ya kwanza iliyotolewa humo.

Mahali pengine ambapo kosa dogo huwa kubwa ni hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu: tenzi, barua, wosia. Herufi ba, ta na tha zina umbo moja. Zinatofautishwa na nukta tu, moja chini, mbili juu, tatu juu. Hati kama hiyo ikiskaniwa kama picha ya kawaida kwa kiwango cha gazeti, nukta za mwandishi humezwa na nukta za mchapaji, na neno hugeuka neno jingine. Maandishi ya namna hii, kama ilivyo kwa sahihi, mihuri na michoro ya kalamu, yakichapwa kwa weusi mtupu huhitaji hadi pikseli 1,200 kwa inchi. Msomi anayetumia miaka kuusoma utenzi mmoja, kisha akakubali hati yake iskaniwe na mtu asiyejua herufi hizo, amekubali kazi yake itiwe shaka.

Rangi nazo zina kiingilio chake. Skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mtambo kwa wino wa siani, majenta, njano na nyeusi. Kuhamisha kutoka huku kwenda kule si suala la kubonyeza tu, kwa sababu kila karatasi ina tumbo lake. Wino nne zikijumlishwa mahali penye giza zaidi, karatasi nzito ya kung'aa huvumilia asilimia 300 na ushei. Karatasi ya gazeti ikizidishiwa 240 hulowa: picha huonekana upande wa pili wa ukurasa, na vidole vya msomaji huondoka na sehemu ya habari. Ndiyo maana faili iliyoandaliwa kwa ajili ya kalenda haifai kupelekwa gazetini, hata kama ni nzuri kiasi gani. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla hajampima mteja. Mwandaaji wa picha naye aulize kwanza: karatasi gani, mtambo upi, kiwango gani cha wino? Kiwanda makini hutoa majibu hayo bure, pamoja na faili ya vipimo vya rangi ya mtambo wake.

Wahariri watasema hakuna muda. Gazeti hufungwa usiku, tangazo la kifo huletwa jioni, na kesho kutwa karatasi hiyo inafungiwa maandazi. Hoja hii ina uzito kwa picha ya mkutano wa hadhara. Kwa picha ya marehemu haina, kwa sababu tangazo hilo limelipiwa, na mlipaji hakununua doa. Kuitoa picha kwenye fremu, kufuta kioo cha skana kwa kitambaa safi, kupima uso, kuifungua na kuihifadhi ni kazi ya robo saa kwa mtu aliyeizoea. Vumbi peke yake, likiachwa kwenye kioo, litakula zaidi ya muda huo kulifuta doa kwa doa kwenye kompyuta. Na yule asiyeweza kuileta picha mjini asaidiwe kwa maelekezo ya sentensi mbili kwenye fomu ya tangazo: toa picha kwenye fremu, iweke sakafuni karibu na mlango penye mwanga usio wa jua kali, simamisha simu juu yake bila kuinamisha, itume kama hati. Simu nzuri ikishikwa hivyo huishinda skana iliyotumiwa vibaya.

Nyumba za vitabu hazina hata kisingizio cha muda. Mpigapicha Priya Ramrakha, Mkenya aliyeuawa Biafra mwaka 1968 akiwa kazini, aliacha picha za harakati za uhuru ambazo zilikaa Nairobi kwa karibu miaka 40 bila kujulikana. Zilipopatikana zilirudiwa kwa subira, na kitabu chake kikatolewa mwaka 2018 na kampuni ya Kehrer ya Ujerumani. Zanzibar, studio ya Capital Art, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, ilipiga picha za watu wa mji huo kizazi baada ya kizazi. Mali ya namna hii inatosha kulisha vitabu vya historia vya shule zote za pwani. Haihitaji mitambo mipya kwanza. Inahitaji mtu mmoja katika kila nyumba ya uchapishaji anayelipwa mshahara wa fundi, ambaye jina la kazi yake linajulikana, mwenye haki ya kusema, "Hii haifai, nileteeni ya asili," na mhariri akamsikiliza.

Mtu huyo angeanza na kazi iliyo wazi kabisa. Kabla ya Aprili 26 ijayo kuna muda wa kutosha kwa gazeti lolote kuomba nakala nzuri ya picha ile ya 1964 katika maktaba za picha za serikali, kuiskani upya kwa biti 16, kuhifadhi faili mama katika TIFF bila kuigusa, na kutoa humo nakala mbili, moja ya karatasi ya gazeti na moja ya toleo maalumu la karatasi ya kung'aa. Ya gazeti ichapwe majaribio kwenye pembe ya ukurasa wa wiki ya kawaida, mwezi mmoja kabla, na ikatazamwe mchana, mlangoni, na watu watatu wasiokuwapo wakati wa kuiandaa, waulizwe kama wanaziona nyuso za waliosimama nyuma ya Mwalimu.